Mama Amekula Kiini

Jumatatu, 3 Machi

Mama amegoma tena. Uji: vijiko viwili, kisha akafunga mdomo. Supu: aliinusa tu, akageukia ukutani. Ute wa yai la kuchemsha nimeukuta chini ya mto, umeviringishwa kwenye karatasi ya chooni! Mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, askari wa barabarani mstaafu, aliyewahi kusimamisha msafara wa waziri kwa kiganja kimoja, leo anaficha chakula kama mtoto wa chekechea.

Nimemwonyesha. "Mama, hiki nini?"

"Raba."

"Ni yai, Mama."

"Yai lina moyo. Hicho ni kifutio cha shule."

Nyonga yake imeungwa kwa chuma, mshono umekauka, daktari wa mifupa ameridhika kabisa. Ila mwili wenyewe unayeyuka. Leo nilipombadilisha gauni niliziona mbavu zote. Nikajifanya natafuta kitana.

Dada wa mazoezi anayekuja kutoka hospitali hakuzunguka mbuyu. Misuli haijengwi kwa maneno matamu, amesema. Asipokula hatasimama. Na asiposimama… Hapo hakumalizia. Hakukuwa na haja.

Jioni Kaka akapiga simu, kama kawaida yake. Kaka yangu ni wakala wa bima, anaona ajali hata kwenye glasi ya maji. "Mama kala ute?" Nikasema kala. Mungu anisamehe. Tangu Baba afariki kwa moyo, miaka kumi na moja sasa, hakuna kiini cha yai kinachoruhusiwa kwenye sahani ya ukoo huu. Amri ya Kaka. Kiini kinaziba mishipa, kiini ni sumu ya njano, kiini ndicho kilichomuua Baba. Mama aliikubali amri ile wiki ya msiba. Na askari hakiuki amri.

Jumatano, 5 Machi

Lifti bado mbovu. Tuko ghorofa ya nne na mume wangu ni fundi wa lifti! Mganga hajigangi. Anasema kifaa kimeagizwa. Majirani siku hizi wanamsalimia kwa kuhema tu, hawana pumzi ya maneno.

Mama anasema yeye ni mzigo uliopandishwa juu, mwenyewe akasahau kuufuata.

Mizani imeshuka tena. Sina cha kuandika. Nimechoka.

Alhamisi, 6 Machi

Lo! Lo! Naandika nimesimama, chai mkononi, nitachelewa kazini na sijali!

Kitanda cha Mama kiko sebuleni, karibu na meza. Asubuhi mume wangu alikuwa anakula yai lake la kukaanga. Yeye hula yai zima — ni mkwe, sheria ya Kaka haimfiki. Mama alikuwa amelala uso ukutani. Mara tukasikia sauti.

"Mkwe. Hicho unachokula nini?"

"Yai, Mama."

"Zima?"

"Zima."

Halafu: "Lina moyo?"

Mume wangu hajui siasa. Akainamisha sahani amwonyeshe. Kiini kilikuwa kimetuna, laini, kinang'aa. Mama akanyoosha mkono. Mkono uleule ambao jana haukuweza kuinua kikombe! Akachukua kipande cha mkate, akakichovya katikati, akatia mdomoni, akafumba macho.

Mume wangu akaacha kutafuna.

Akachovya tena. Na tena. Alisafisha kiini chote, akamwachia mwenye yai duara jeupe lenye tundu katikati. Mume wangu akanong'ona, "Nimeporwa." Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Mama akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Mkimwambia mkubwa wenu, nawakamata wote wawili."

Jumapili, 9 Machi

Kiini asubuhi ya Ijumaa. Kiini jana. Kiini leo! Na ajabu yenyewe si kiini — ni vinavyokifuata. Akishamaliza, anauliza, "Na uji uko wapi?" Leo mchana ameomba maharage. AMEOMBA! Njaa iliyokuwa imemsusa imerudi nyumbani kama mke aliyenuna kwao akachoka.

Lakini nina hofu. Niiandike hapa, sina pa kuisema. Je, Kaka akiwa sahihi? Je, namshibisha Mama huku namchimbia? Nilipokuwa naosha vyombo niliutazama ule unjano ulioganda kwenye sahani, nikamkumbuka Baba alivyoshika kifua. Nikaisugua sahani mpaka ikapiga kelele.

Kaka kapiga. "Kala?"

"Amekula yai, Kaka."

Si uongo. Wala si ukweli wote. Sijui wanaiitaje hiyo.

Jumanne, 11 Machi

Kazini nimeshindwa kuvumilia. Nilikuwa nakata lenzi, daktari wetu wa macho akaja kuchukua fremu, nikamuuliza tu: Daktari, kiini cha yai ni sumu?

Akacheka! Akanivuta kwenye kompyuta yake, akanionyesha picha ya nyuma ya jicho la mteja. Katikati, pale tunaposomea na kutambua sura za watu, kuna kidoa cha njano. Akasema ule unjano mwili hauutengenezi, unaletwa na chakula. Mboga za majani, mahindi ya njano, na kiini cha yai. Tena wa kiini unaingia mwilini vizuri, kwa sababu umekuja na mafuta yake ya kuusafirisha. Eti unailinda sehemu ile isichomwe na mwanga.

Miaka yote hii nawatengenezea watu miwani, sikuwahi kujua kwamba tunaona kwa njano!

"Na moyo?" nikamuuliza.

"Mimi naishia kwenye jicho, dada. Moyo una wenyewe. Mpeleke mama akapimwe damu, halafu uende kwa mtaalamu wa lishe. Usiamini maneno ya mtaani — yangu yakiwemo."

Kushuka ngazi na Mama ndiyo shughuli. Mume wangu na jirani wa ghorofa ya pili watambeba kwenye kiti.

Ijumaa, 14 Machi

NIMESHINDA. Tumeshinda! Ngoja nipange mambo.

Jana walimbeba Mama akatolewa damu. Njiani kwenye ngazi aliwapigia filimbi ya mdomo kila kona: "Kushoto! Punguza mwendo!" Leo nimefuata majibu peke yangu. Mtaalamu wa lishe ni mama mnene, mpole, anavaa miwani niliyoikaza skrubu mimi mwenyewe mwaka jana. Nikajua niko kwenye mikono salama.

Alisoma karatasi, akashusha miwani. "Nani alimkataza huyu mama viini?"

"Kaka yangu."

"Daktari?"

"Wakala wa bima."

Akatikisa kichwa taratibu. Akanieleza, nami naandika nisisahau. Ute una protini nzuri, na maji, na hapo karibu yamekwisha. Ghala liko kwenye kiini. Vitamini A imo. D imo, na vyakula vyenye D si vingi, na mifupa ya Mama inaililia. E, B kumi na mbili, foleti, madini, na kitu kinaitwa kolini ambacho ubongo na ini vinakitaka. Mafuta yote ya yai yako humo. Hata ile protini, karibu nusu imo humohumo ndani. "Sasa wewe unampa mgonjwa ganda la nyumba, samani unazitupa jalalani."

"Na lehemu? Kolesteroli?"

"Ipo. Sikudanganyi." Akasema kwa watu wengi lehemu ya kwenye sahani haiingii kwenye damu vilevile ilivyo. Ini lenyewe ndilo mtengenezaji mkuu. Ukila zaidi, nalo hupunguza. Kinachoharibu zaidi ni mafuta yanayoganda, sigara, kukaa kitako mwaka mzima. Lakini wapo watu ambao ini lao halisikii la mwadhini. Hao, na wenye kisukari, wao hupimiwa. "Kila mwili na kesi yake. Ya mama yako iko hapa: lehemu yake nzuri kuliko yangu. Vitamini D iko chini. Protini chini. Damu chini. Huyu haumwi kiini, anaumwa kunyimwa."

Yai moja kwa siku, hata mawili wakati huu wa kujenga mwili. Lakini asiishie kwenye yai! Maharage, maziwa, mboga, matunda, na jua la asubuhi kwenye miguu. Na kiini kiive. Mgonjwa hapewi cha kuchuruzika.

Nilitembea kwenye ule ukumbi wa hospitali kama nimetawazwa. Nimerudi na trei nzima ya mayai, nikapanda nayo ghorofa nne na halikupasuka hata moja.

"Mama! Umeruhusiwa!"

"Kwani niliomba ruhusa?"

Ila hili la kuiva halijampendeza. Tumebishana. Tumeafikiana: kigande, lakini kisikauke.

Jumanne, 18 Machi

Amesimama! Ameshika ile fremu ya kutembelea, mikono ikamtetemeka, kidevu kikamtetemeka, akasimama. Dada wa mazoezi amepiga makofi. Mimi nimeungua na pasi na sikusikia maumivu.

Jumamosi, 22 Machi

Siku hii sitaki kuiandika, lakini nisipoiandika sitalala.

Asubuhi ilikuwa nzuri mno. Mama alitoka kitandani mwenyewe, akaja mezani na fremu yake, kok, kok, kok. Nikampa mayai mawili mazima na mboga pembeni. Ana mashavu sasa! Alikuwa anamtania mume wangu kuhusu lifti — "Mkwe, hicho kifaa kinakuja kwa miguu?" — mlango ukagongwa.

Kaka. Bila taarifa. Anahema, jasho linamtoka, mkononi ana chupa kubwa ya ute wa mayai, wa dukani, umefungwa kwa nailoni.

Alimwona Mama amekaa mezani. Uso ukachanua. Sijawahi kumwona hivyo tangu utotoni. Kisha macho yakashuka kwenye sahani.

"Hiki nini?"

Nikaweka kikombe chini.

"Nauliza hiki nini? Mnamlisha nini mama yangu?"

Nikaanza kumweleza hospitali, damu, mtaalamu. Hakusikia hata neno. "Mnamuua! Mmemchoka, semeni mmemchoka!" Mume wangu akasema, "Shemeji, keti kwanza unywe maji." Kaka akaichukua ile sahani mbele ya Mama, Mama bado ameshika mkate, akaenda jikoni, akaimimina kwenye pipa la taka.

Mama hakupandisha sauti. "Rudisha sahani."

Akairudisha. Tupu. Akaiweka mbele yake. Akaacha chupa yake mezani, akaondoka. Tulisikia viatu vyake ngazi zote mpaka chini.

Mama aliisukuma ile sahani upande wangu. Nikamuuliza nimkaangie mengine?

"Usiulize, kaanga," akasema. "Lakini naona huyu mtoto hakukasirika. Nimekamata madereva maisha yangu yote. Mwenye hasira namjua, na mwenye hofu namjua."

Jumapili, 23 Machi

Mama alimpigia simu mwenyewe. Maneno manne: "Njoo hapa. Peke yako." Mume wangu akakumbuka ghafla kwamba ana kazi ya lifti mahali fulani — Jumapili! — akajitoa. Mimi nilikuwa jikoni. Mlango wa jikoni kwetu haufungi vizuri. Nimesikia yote na sijuti.

Kaka aliingia akaomba radhi kama mtu anayesoma taarifa. Mama akamwacha amalize. Kisha akamuuliza polepole:

"Mwanangu, unaogopa nini?"

"Siogopi kitu."

"Unaogopa nini?"

Halafu nikasikia sauti nisiyoijua. Kaka analia. Mtu mzima, mwenye mvi, mwenye wajukuu! Akasema: "Nilimkaangia mimi, Mama. Kila Jumapili. Matatu, na viini laini, alivyopenda. Hata Jumapili ile. Alikula akasema leo umeweza. Nami nikafurahi! Kesho yake akafa. Mama, nilimkaangia mimi."

Nilikaa chini, palepale sakafuni, na mwiko mkononi.

Miaka kumi na moja. Simu zote zile za jioni. Nami nilikuwa namcheka, Meneja wa Ute nilimwita mbele ya watoto wake.

Mama akamwambia aje akae karibu, upande usio na chuma. Akasema — niandike neno kwa neno — "Baba yako alianza sigara hujazaliwa. Daktari alimwambia aache, na apimwe damu. Yeye akamwambia daktari aache kumsumbua. Kilichomuua baba yako ni moshi na ubishi, na mengine tusiyoyajua kwa sababu alikataa kupimwa. Yale mayai yako ndiyo kitu pekee alichokuwa anakula wiki nzima akitabasamu. Nilikuwepo. Nilimwona."

"Mbona hukuniambia?"

"Sikujua kama umembeba moyoni. Nilidhani umekuwa mkali tu. Nikaona rahisi kukutii kuliko kukuuliza."

Baadaye nikawaletea chai. Macho ya Kaka mekundu, ya Mama makavu. Mama akawa askari tena: "Wewe umewahi kupimwa damu?"

"Mimi sili viini, Mama. Sivuti. Sina haja."

"Sikukuuliza unakula nini. Wiki hii upimwe. Hiyo ni amri."

Jumatano, 2 Aprili

Sijui nicheke au nilie. Nimefanya vyote.

Majibu ya Kaka yametoka. Lehemu iko juu. Juu sana! Mtu ambaye miaka kumi na moja hajagusa kiini hata kwa kidole! Daktari akamuuliza ya kwao, Kaka akamweleza ya Baba, naye akamwambia huenda ni ya damu — ya kurithi. Kuna familia ini linatengeneza lehemu kama kiwanda, hata mwenyewe akila nyasi. Dawa kila siku, mazoezi, na viini, yeye ndiye apimiwe: vichache, kwa wiki.

Kwa hiyo sheria haikuwa mbaya. Ilikuwa ya mwenyewe! Alimvalisha Mama kiatu chake.

Alinipigia mchana, niko dukani, fremu ya mteja mdomoni. Sauti nyepesi, kama mtu aliyetua gunia. "Mdogo wangu, daktari kasema ningengoja kifua kianze kuuma, pengine ningekuwa nimechelewa. Mama kaniwahi."

"Mama kakukamata."

Akacheka. Kaka amecheka kwenye simu! Kisha akageuka wakala wa bima: "Na wewe lini unapimwa? Ya kurithi haichagui."

Kweli. Mimi pia ni wa Baba.

Jumanne, 8 Aprili

Yangu safi! Safi kabisa! Daktari alisema mara mbili kwa sababu niliuliza mara mbili. Nimeingia kantini ya hospitali nikaagiza yai zima na mkate, nikala nimesimama, na muuzaji akaniuliza, dada, kuna nini cha kuchekea kwenye yai?

Alhamisi, 17 Aprili

Mama ameshuka chini kwa miguu yake!

Alikuwa ametangaza tangu jana kwamba atatoka. Dada wa mazoezi akasema sawa, taratibu, fimbo mkono mmoja na ukuta mkono wa pili. Kaka akaja mapema akiwa na viatu vya michezo. Daktari kamwambia atembee, naye sasa anatembea kama anafukuzwa. Akatangulia kinyumenyume, ngazi baada ya ngazi, mikono ameitanua kama kipa. Mimi nyuma. Mume wangu akabeba kiti cha kupumzikia, akikiweka kila kibaraza, na Mama akikipita kila kibaraza bila kukitazama!

Majirani walifungua milango. Yule wa ghorofa ya pili akapiga vigelegele ingawa ni mwanamume.

Chini, nje, jua. Mama alisimama kwanza, akavuta hewa. Pale njia panda taa zilikuwa zimezimika, magari yamefungana, honi, matusi. Nikamwona anajinyoosha. Nikasema, Mama, usithubutu. Akathubutu. Alisimama pembeni ya barabara, fimbo mkono wa kushoto, akanyanyua kiganja cha kulia.

Gari la kwanza likasimama. Jamani, likasimama! Na la pili. Akawapungia wa upande ule wapite, akawafungia hawa, akawapungia wale. Dereva mmoja akachungulia dirishani, "Shikamoo, Afande!" Mama hakuitikia. Yuko kazini. Fundo lilifunguka lote, ndipo akakubali kukaa kwenye kile kiti. Alikuwa anatetemeka miguu yote miwili, na anacheka.

Kaka aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Kwa muda mrefu.

(Naongeza Ijumaa: lifti imepona leo. Mama kasema hiyo imekuja kuomba kura baada ya uchaguzi.)

Jumapili, 11 Mei

Mama anataka kurudi kwake.

Kasema mezani, kama anavyoomba chumvi. Nyumba yake inaota vumbi, mimea yake imekufa, na hapa anasikia choo cha jirani. Nikasema haiwezekani. Sakafu ile ya jikoni ndiyo iliyomwangusha! Anakaa peke yake! Nikatoa sababu zote, na zilipokwisha nikasema ile ya kweli, ile ya aibu: "Kwa hiyo nimekunenepesha ili uondoke?"

Mama aliweka kijiko chini. "Ulinilisha nisimame?"

"Ndiyo."

"Nimesimama. Sasa unataka nikae?"

Mume wangu akatazama uji wake kana kwamba una maandishi. Nilikwenda bafuni, nikafungua bomba, nikalia kidogo. Kilio chenyewe hakikuwa kibaya. Nilijitazama kwenye kioo nikasema, umefaulu, mpumbavu wewe. Huku ndiko kufaulu kwenyewe.

Jumapili, 25 Mei

Naandika nikiwa kwa Mama. Mezani kwake, na kitambaa chake cha maua. Leo ndiyo mara ya kwanza anatukaribisha tangu arudi. Mume wangu yuko juu ya paa anahangaika na antena. Kaka amekaa mbele yangu. Amepungua tumbo, shati linamning'inia. Ameweka kale kakasha ka vidonge vyake karibu na kikombe, bila kuficha.

Mama ametufukuza jikoni. "Wageni hukaa." Nimesema nikate vitunguu tu. "Wageni hukaa!" Kaka ameweka mkeka wa mpira kwenye ile sakafu, na vishikio ukutani, na bado kila kukicha anampigia kuuliza kama mkeka upo.

Kabla hajafunga mlango alitoa kichwa, akatukagua mmoja mmoja. "Wewe mawili. Mkwe matatu, hana adabu. Na wewe, mkubwa — ute, au leo unatumia kimoja cha viini vyako vya wiki?"

Kaka amefikiri. Kweli amefikiri, kama mtu anayetia sahihi. "Leo natumia, Mama."

"Laini?"

"Kilichoganda. Lakini kisikauke."

Mlango umefungwa. Tunasikiliza. Jiko limewaka. Yai limepasuka kwenye ukingo wa bakuli, jingine, jingine. Kila likipasuka Kaka anainuka kidogo kisha anakaa. Mafuta yameanza kulia. Harufu imefika mpaka hapa mezani, na Kaka amefumba macho. Najua yuko wapi: kwenye Jumapili za Baba. Sijamuuliza.

Kitu kimeanguka! Cha bati — kifuniko? Kimezunguka sakafuni, kikatulia.

Kaka amesimama. "Mama?"

Hajibu.

"Mama!"

Mafuta yanaendelea kulia. Mwandiko umepinda. Nimemshika Kaka shati kwa mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia, mjinga gani anaandika saa hizi — lakini nisipoandika nitakimbilia mlango huo mimi kwanza.

"Kaa," nimemwambia. "Kilichoanguka ni bati, si Mama. Atatuita."

Amekaa. Nusu ya kiti tu.